Wapiga Mboni: Upinde Katika Uhud na Nubia

Vijana wetu wengi hawajapata kuushika upinde kwa mikono yao, lakini wanaujua. Wanaujua kutoka katika michezo ya vita ya kompyuta, ambayo humo mtu huketi kitini akaamuru majeshi ya wafalme wasiokuwapo. Mmoja katika michezo hiyo huitwa Fire Emblem. Ulitolewa kwa mara ya kwanza huko Japani mwaka 1990, kisha ukafuatiwa na matoleo mengi. Mjukuu wangu mmoja alinieleza masharti yake, nami nilimsikiliza kwa makini kuliko alivyotarajia. Uwanja wa vita umegawanywa miraba kama ubao wa sataranji. Mwenye upanga hupigana na adui aliye mraba wa jirani. Mwenye upinde hupiga kutoka miraba miwili, na humwangusha kwa urahisi askari aliyepanda farasi mwenye mbawa. Ila adui akimsogelea ubavuni, basi katika matoleo mengi ya mchezo huo hana la kumjibu.

Farasi mwenye mbawa ni ndoto. Lakini sharti hilo la umbali si ndoto hata kidogo, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Upinde, au uta kama walivyouita wazee wetu, ni silaha ya ajabu kwa kuwa nguvu yake si ya mkono peke yake. Mtu huvuta upote kidogo kidogo, na ule mti unaopinda huiweka akiba nguvu ya kifua na mabega yake. Kisha akiachia, akiba yote hutoka kwa mara moja. Mataifa ya wapanda farasi huko Asia waliuunda upinde mfupi kwa mti, pembe, mishipa ya wanyama na gundi, ili mtu aweze kuuvuta akiwa juu ya tandiko. Watu wa bonde la Nile walipenda upinde mrefu wa mti mtupu, nao ni wa askari wa miguu. Vyovyote ulivyoundwa, mikono miwili ya mpigaji imeshughulika: mmoja umeshika mti, wa pili umeshika mshale. Hana mkono wa ngao wala wa upanga. Usalama wake wote umo katika ule uwanja mtupu ulio baina yake na adui, na siku uwanja huo unapotoweka, podo lililojaa mishale halimfai kitu.

Ndugu msomaji, hapana Mwislamu aliyesoma chuoni asiyekijua kisa cha Uhud, lakini mara nyingi tunakisoma kwa haraka. Ilikuwa mwezi wa Shawwal, mwaka wa 3 Hijria, nao ni mwaka 625 kwa hesabu ya Miladia. Makureshi walikuja karibu 3,000, na farasi 200. Waislamu walibaki kiasi cha 700, baada ya Abdullah bin Ubayy kurudi njiani na watu wake 300. Mtume Muhammad (S.A.W.) alitazama mahali, akaona kwamba hatari haitatoka mbele bali nyuma, kwa wale wapanda farasi. Basi akawaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima kidogo cha Ainain, ambacho leo huitwa Jabal al-Rumat, yaani mlima wa wapiga mishale, na juu yao akamweka Abdullah bin Jubayr (R.A.). Amri yake ilikuwa wazi: wasitoke mahali pale, wawaone wenzao wanashinda au wanashindwa.

Tazama mpango huo ulivyokuwa. Hakuwataka watu wale washinde vita. Aliwataka wailinde nafasi moja tu, ili farasi wasipite. Na kwa saa za mwanzo walifanya hivyo, kwani farasi huogopa mishale kuliko mpandaji wake. Kisha Makureshi wakavunjika, ngawira ikaonekana chini, na wapiga mishale wakabishana wao kwa wao. Walio wengi waliona kazi imekwisha. Abdullah bin Jubayr aliwakumbusha amri, lakini hawakumsikia. Wakateremka, akabaki yeye na watu kiasi cha kumi. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo hakuwa amesilimu, aliliona pengo. Akazunguka na farasi wake, akawaua wale waliobaki kilimani, akawaangukia Waislamu kwa nyuma. Waislamu kiasi cha 70 walikufa mashahidi siku ile, Hamza (R.A.) akiwa mmoja wao, na Mtume mwenyewe alijeruhiwa usoni. Aya ya 152 ya Surat Al-Imran inalizungumza jambo hilo kwa uwazi, wala haikuwaficha waliokosea. Lakini humo humo imetaja kwamba wamesamehewa, na hili walimu wetu wengi hulisahau wanapowalaumu watu wa kilimani.

Siku hiyo hiyo upinde ulionyesha sura yake nyingine. Saad bin Abi Waqqas (R.A.), yule aliyekuwa wa kwanza kurusha mshale katika njia ya Uislamu, alisimama karibu na Mtume akawa anapiga, na Mtume mwenyewe akimpa mishale. Baadaye Uqba bin Amir (R.A.) alipokea kwa Mtume kwamba ile nguvu iliyoamrishwa katika Surat Al-Anfal, nguvu ya kuwaandalia maadui, ni kupiga mishale. Uqba huyu alikuja kuwa liwali wa Misri katika zama za Muawiya. Na kusini ya Misri waliishi watu ambao kwa upinde hawakuwa na haja ya kufundishwa na mtu.

Watu hao ni Wanubi. Mafirauni waliiita nchi yao Ta-Seti, na maana yake ni nchi ya upinde. Katika kaburi la mkuu mmoja wa Asyut aitwaye Mesehti, la miaka kiasi cha 4,000 iliyopita, zilipatikana sanamu ndogo za mbao za wapiga mishale 40 wa Kinubi, wamepangwa safu, kila mmoja na upinde wake. Katika makaburi ya Qustul na Ballana, yaliyochimbwa mwaka 1931 na miaka iliyofuata, zilipatikana pete za mawe zilizovaliwa kidole gumba ili upote usikate nyama. Al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, ameandika kwamba Waarabu wa Hijazi na Yemen waliuchukua ustadi wa kupiga mishale kwa watu hawa. Sina haja ya kuongeza neno hapo. Aliyesema ni Mwarabu.

Amr bin al-As alipokwisha kuifungua Misri, mwaka 641 au 642 alipeleka jeshi kusini. Lilikuwa jeshi lililozoea ushindi. Lilikuwa limewatoa Warumi katika Sham na Misri, na wenzao walikuwa wameuvunja ufalme wa Uajemi. Al-Baladhuri, aliyefariki mwaka 892, ametuhifadhia habari ya mzee mmoja wa Himyar aliyepigana na Wanubi mara mbili katika ukhalifa wa Umar (R.A.). Mzee huyo alieleza kwamba siku moja Wanubi walijipanga, na Waislamu wakataka kuwarukia kwa panga mara moja, vita vikaishe. Hawakupewa nafasi hiyo. Mishale ilikuja kabla ya panga, na ilikuja machoni. Walipohesabu walikuta macho 150 yamepotea. Kwa sababu hiyo Waarabu waliwaita Wanubi rumat al-hadaq, maana yake wapiga mboni za macho.

Yaliyotoweka Uhud yalipatikana hapa. Wanubi waliushika umbali wao, hawakuteremka kufuata ngawira, na wenye panga hawakuwafikia.

Mwaka wa 31 Hijria, yaani 652, liwali mpya wa Misri, Abdullah bin Saad bin Abi Sarh, alikwenda tena, na safari hii alifika mpaka Dongola, mji mkuu wa Makuria, katika nchi iitwayo Sudan leo. Alikwenda na manjaniki, akaupiga mji kwa mawe. Hata hivyo hakuuteka. Mwisho wake ulikuwa mapatano na mfalme Kalidurut, yaliyokuja kujulikana kwa jina la Baqt: Waislamu wasiwashambulie Wanubi wala Wanubi wasiwashambulie Waislamu, wasafiri wapite kwa amani, na kila upande upeleke kitu kwa mwenzake. Wanubi walikuwa Wakristo, na wakabaki na mfalme wao na makanisa yao. Mapatano hayo, pamoja na kuvunjwa hapa na kutengenezwa pale, yalidumu kiasi cha miaka 600. Namsifu Al-Baladhuri na waliomtangulia kwa kuyaandika haya. Wangeweza kuyanyamazia, kwani waliopotewa na macho ni watu wao.

Lakini mwandishi wa tarikh hana ruhusa ya kuishia mahali panapompendeza. Kitu walichopeleka Waislamu kilikuwa ngano, adesi na nguo. Kitu walichopeleka Wanubi kilikuwa watu. Al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 1442, anataja vichwa 360 kila mwaka. Yeye aliandika miaka karibu 800 baadaye, na tuyapime maneno yake kwa tahadhari. Lakini kwamba watumwa walipelekwa, hilo halina ubishi. Upinde ulimkinga mfalme na kiti chake. Haukumkinga mateka, wala mtoto wa maskini ambaye jina lake halikuandikwa na Mwislamu wala Mkristo. Wanaoisifu Baqt kuwa mfano wa amani baina ya dini mbili, na ni kweli ilizuia damu nyingi, wamtazame pia yule aliyefungwa kamba ili amani hiyo ipatikane.

Mwaka 1972, katika ngome ya Qasr Ibrim, ilipatikana barua ya Kiarabu ya mwaka wa 141 Hijria, yaani 758. Liwali wa Misri, Musa bin Kaab, anamlalamikia mfalme wa Nubia kwamba hatimizi mapatano, na kwamba watumwa anaowapeleka hawana faida: mmoja chongo, mwingine kiwete, mwingine mzee dhaifu au mtoto mdogo. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kitambo. Waliowatoboa watu macho, sasa wanapeleka wenye chongo kulipa deni, na mwenye kudai anahesabu kasoro za miili kama mnunuzi wa mbuzi.

Mwaka 836 mwana wa mfalme, jina lake Georgios, alisafiri mpaka Baghdad akaonana na Khalifa al-Mutasim juu ya deni hilo hilo. Mamluki wa Misri, ambao nao walikuwa mabingwa wa upinde, ndio waliokuja kuingilia ufalme ule tangu mwaka 1276, wakawatumia wana wa ukoo wa kifalme waliokuwa wakigombea kiti wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1317 ukumbi wa enzi wa Dongola uligeuzwa msikiti, na jiwe lenye maandishi likawekwa kulishuhudia jambo hilo. Jengo lenyewe lingali limesimama juu ya mwamba kando ya Nile, na watu wa pale waliendelea kuswali ndani yake mpaka mwaka 1969.