Isiolo–Mandera: ndege ya saa moja na robo ambayo haipo

Wasee, hebu niwaulize: kutoka Isiolo hadi Mandera ni mbali kiasi gani?

Shangazi yangu alifariki Mandera mwaka jana, alfajiri. Sisi huzika siku hiyo hiyo. Nikiwa hapa Gotu na babu, baba yake, nikapiga hesabu kwenye simu. Uwanja wa Isiolo hadi ule wa Mandera, mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 620. Ndege ya mwendo wa kilomita 500 kwa saa ingetumia saa moja na robo hivi. Babu angemuwahi binti yake.

Sasa, hiyo ndege iko wapi? Uwanja wetu ulifunguliwa rasmi 2017, ukaitwa wa kimataifa, na njia yake ya kurukia ni kilomita 1.4 tu. Ukitaka kuruka hadi Mandera unashuka kwanza Nairobi, kama kilomita 270 kwa barabara, upande ndege Wilson, ndio urudi kaskazini. Chukua ramani uchore mstari wa Wilson–Mandera. Unapita karibu na Garba Tulla, ndani ya kaunti yetu! Yaani unalipa nauli upitishwe juu ya nyumbani kwenu.

Kwa gari ni kama kilomita 740 kupitia Modogashe, Wajir na Elwak. Na tangu basi lishambuliwe karibu na Mandera Novemba 2014, watu 28 wakauawa, hakuna anayeianza safari hiyo bila kuomba dua.

Kuna wanaosema ni jangwa tu, ndivyo Mungu alivyoumba. Mimi nakataa. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kufunga wilaya za pembeni: huingii bila kibali. Ya 1934 ikabana zaidi, hata jamii gani ilishe wapi. Lango la kaskazini likawa Isiolo. Tukapata uhuru Desemba 1963, na mwezi huohuo hali ya hatari ikatangazwa kwetu. Miaka ya vita vya Shifta Waborana wa Waso wanaiita Gaafa Daaba, wakati wa kuzuiliwa. Watu walifungiwa kambini, mifugo ikaisha. Mapatano ya Arusha yalikuja 1967, lakini sheria zile za hatari zilikaa hadi 1991. Nyinyi mnaosema hii ni historia ya kale, 1991 ni juzi!

Kwa hiyo kila njia ilizoea kuelekea kusini, kwa mkubwa, si kwa jirani. Babu mpaka leo nikimwambia naenda Nairobi huuliza, "Unaenda Kenya?" Nilidhani ni utani wa wazee.

Shangazi alizikwa kabla ya adhuhuri. Babu alikataa kuzungushwa Nairobi, akapanda gari. Alifika siku ya tatu, akaonyeshwa kaburi.