Kosa la wakubwa, kura ya watu

Bandugu, mu 2008 chama cha Democrats kule Marekani kilikataza majimbo, isipokuwa 4, kuchagua mgombea wa urais mbele ya 5 Februari. Michigan ilipiga kura 15 Januari, Florida 29 Januari. Chama kikawanyima wajumbe wote. Mwezi wa 5 kamati ikawapa nusu kura kwa kila mjumbe. Agosti, Obama akiisha kushinda Clinton, wakarudishiwa kura nzima.

Mimi naona Florida ilistahili kuhesabiwa: majina yote yalikuwa kwenye karatasi, na mpiga kura hakupanga tarehe. Lakini Michigan hapana, juu Obama alikuwa ameondoa jina lake. Waliovunja sheria ni wakubwa; baazibiwe wao. Ninyi munasemaje?