Waliofunga Minyororo: Mizigo Mizito Katika Historia ya Reli Zetu

Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, meli iliundwa kisha ikafumuliwa. Vipande vyake, vilivyofungwa katika masanduku yapatayo 5,000, vilivuka bahari hadi Dar es Salaam, vikapakiwa kwenye treni kuelekea Kigoma, ambako Reli ya Kati ilikuwa imefika mwanzoni mwa 1914. Februari 1915 meli hiyo, Goetzen, ilishushwa Ziwa Tanganyika. Ndiyo Liemba ya leo.

Wanafunzi wangu huipenda habari hii kwa sababu ya vita. Mimi huvutwa na upakiaji. Jina la mhandisi Anton Rüter limehifadhiwa. La kuli hata mmoja aliyepandisha vyuma vile behewani sijawahi kulikuta kitabuni.

Kazi yenyewe si ya misuli mitupu. Treni inapofunga breki, mzigo hutaka kuendelea mbele. Kwenye kona hutaka kuangukia nje. Na mtikisiko wa safari hulegeza mnyororo kidogo kidogo pasipo mtu kuona. Kwa hiyo tingatinga linalopandishwa kwenye behewa la wazi huwekwa uzito wake katikati, huwekewa kabari imara, kisha hufungwa minyororo ya mshazari pembe zote nne, kila mmoja ukivuta dhidi ya mwenzake. Mkono wa kijiko hulazwa na kufungwa peke yake. Kimo hupimwa kabla ya safari, maana handaki halimpishi mtu. Baada ya mwendo mfupi minyororo hukaguliwa tena, na hapo ndipo uvivu na haraka hupatia nafasi.

TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ilitupa kilomita 1,860 za reli hadi Kapiri Mposhi, pamoja na mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako. Ilitupa pia tatizo ambalo hotuba za ukombozi hazikulitaja sana. Upana wa reli yake ni milimita 1,067, ili iungane na reli za Zambia na kusini mwa Afrika. Reli ya Kati, urithi wa Wajerumani, ina milimita 1,000. Tofauti hiyo haifiki upana wa vidole vinne, lakini behewa la huku haliwezi kwenda kule. Kituo cha kuhamishia mizigo cha Kidatu kilijengwa mwaka 1998 kwa sababu hiyo. Sasa tumeongeza reli ya kisasa ya milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024. Sipingi uamuzi huo. Reli ya zamani ilikuwa imechoka. Ila mzigo unapotoka reli moja kwenda nyingine, minyororo hufunguliwa na kufungwa upya, na kwa maoni yangu hatari kubwa ya kazi hii iko hapo, mzigo ukiwa hewani au umeachiwa, mtu akiwa chini yake. Wachumi wetu huhesabu saa na shilingi zinazopotea katika uhamishaji huo. Mikono hawaihesabu.

Marehemu mjomba wangu, tuliyeishi naye Temeke, alikuwa kibarua wa kupakia mizigo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siku moja mnyororo ulifyatuka alipokuwa akiukaza, ukamkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Mwajiri wake, ambaye simtaji, alimpa nauli ya kwenda hospitali na ujira wa siku ile. Jina lake halikuwamo katika daftari lolote.

Tangu wakati huo tumetunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008. Ni sheria nzuri. Ninachowauliza watumishi wa umma wanaonisoma ni hiki: kibarua anayeitwa alfajiri getini na kulipwa jioni, ajali yake huandikwa wapi, na nani?

Mjomba alimalizia maisha yake akiuza mkaa Tandika. Alifunga magunia kwa baiskeli kwa mkono ule wenye vidole vitatu, akaiendesha hatua ishirini hivi, akashuka, akaivuta kamba tena, ndipo akaondoka.