Kukwama, kukwamakwama, kuzorota

Mpelekee fundi kompyuta kuukuu na umwambie "gemu inakwama," naye hana pa kuanzia. Kitenzi hicho tumekibebesha mengi mno, ilhali Kiswahili kina vingine vya kugawana mzigo.

Kuganda ni picha kusimama kabisa. Kuchelewa mara nyingi ni jambo la mtandao: picha ni laini, lakini unalobonyeza linatokea baadaye. Kukwamakwama ni kingine. Shina linarudiwa kwa sababu tendo lenyewe linajirudia, hivyo hivyo picha husimama na kuendelea tena na tena RAM inapojaa na kompyuta ikaanza kuchota data kwenye diski. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kuandaliwa, na diski ya kuzunguka mara nyingi haiwahi muda huo.

Neno ninalolipenda zaidi ni kuzorota. Tunalitumia kwa afya na uchumi, kwa kitu kilichoanza vizuri kikadhoofika. Gemu inakwenda vyema robo saa, kisha fremu zinapungua na kubaki chini. Hapo nashauri joto litazamwe kwanza: prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zisiungue. Huenda feni zimejaa vumbi, au grisi ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka. Brashi na grisi mpya ni bei ndogo sana mbele ya kadi mpya ya michoro. Basi mwambie fundi inazorota, na mtajie baada ya dakika ngapi.