Leja na Mzani: Masomo ya Biashara na Kompyuta katika Sekondari za Masisi na Walikale

Utangulizi

Msafiri atokaye Goma kuelekea Walikale kwa njia ya zamani hupita Sake, Masisi na Nyabiondo, kisha huingia katika nchi ya misitu na mabonde ambamo Mpofi iko, mpakani mwa Masisi na Walikale. Nyumbani watu wa huko husema Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda. Sokoni, ambako wageni hukutana, bei hutajwa kwa Kiswahili. Darasani hali ni nyingine: kijana wa sekondari anayesomea biashara hujifunza kuandika hesabu kwa Kifaransa, na akisomea kompyuta, hiyo nayo hufundishwa kwa Kifaransa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi pengo hilo lilivyotokea. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kiliingia Kongo kikiwa lugha ya biashara, ilhali somo la biashara liliingia shuleni kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa ofisi ya serikali. Kompyuta ilipokuja ilipitishwa mlango huo huo.

Hesabu kabla ya shule

Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Zanzibar ilivuka Ziwa Tanganyika na kujenga vituo vyake Maniema, hasa Nyangwe na Kasongo. Tippu Tip, aliye mashuhuri kuliko wenzake wote, aliacha tawasifu yake kwa Kiswahili. Anayeisoma kwa jicho la mwanahistoria wa uchumi huona kuwa, pamoja na habari za vita, ni kitabu cha hesabu: frasila za pembe, bei zake, na mali iliyochukuliwa kwa mkopo kutoka kwa tajiri wa Kihindi, Taria Topan, ili ilipwe kwa pembe msafara urejeapo pwani. Pembe hizo zilipatikana kwa ununuzi, na pia kwa unyang'anyi na utumwa. Hilo halina budi kusemwa.

Pamoja na biashara hiyo yalisafiri maneno yake: deni, faida, hasara, mtaji, mzani, hawala, stakabadhi. Kiswahili kilipoenea baadaye hadi Kivu kwa njia ya utawala, misheni, mashamba na migodi, kilikuwa tayari na msamiati wa kuhesabu mali. Mtu hakuhitaji kwenda shule ili ajue tofauti ya mtaji na faida.

Shule ya makarani

Wabelgiji hawakufundisha biashara ili Mwafrika afanye biashara. Walihitaji makarani: watu wa kunakili barua, kupiga taipu, kutunza daftari la mapato na kupanga majalada. Shule zilizotayarisha makarani, nyingi zikiwa mikononi mwa watawa, zilifunza Kifaransa, hati nzuri na hesabu. Patrice Lumumba mwenyewe alipitia njia hiyo: mwishoni mwa miaka ya 1940 alisomea kazi ya posta mjini Léopoldville, kisha akawa karani Stanleyville.

Kivu haikukosa biashara kubwa wakati huo. Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, ilitawala ardhi nyingi. Mashamba ya kahawa na chai yalifunguliwa. Na kuanzia mwaka 1937 watu walihamishwa kutoka Rwanda kwenda Masisi kwa mpango wa serikali, wengi wao wakawa nguvukazi ya mashamba hayo. Hata hivyo daftari la faida lilikuwa la mwenye shamba. Mwafrika aliyefika mbali alishika kalamu ya kuandika hesabu ya mwingine. Basi somo lilizaliwa na kasoro: lilimfunza mwanafunzi kuandika mali, bila kumfunza kuimiliki wala kuidai.

Chaguo la biashara

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mfumo wa shule ulibadilishwa. Marekebisho yaliyoanza mwaka 1961 yaliigawa sekondari kuwa miaka 2 ya mwelekeo na miaka 4 ya chaguo, na mwaka 1967 ukaanzishwa Mtihani wa Serikali kwa nchi nzima. Miongoni mwa machaguo ya ufundi, lile la biashara na utawala lilipendwa sana. Sababu yake si ngumu kuiona: fizikia na kemia hudai maabara, ufundi mitambo hudai karakana, bali biashara huweza kufundishwa kwa ubao, chaki na daftari lenye mistari. Shule maskini ya kijijini iliweza kulifungua chaguo hilo bila kununua kitu.

Mwaka 1976 Zaire ilipata sheria ya kusawazisha uwekaji hesabu, na mpango wake wa akaunti ndio uliokaririwa na vizazi vya wanafunzi. Mwaka 2012 Kongo ikajiunga na OHADA, ikiwa mwanachama wa 17, na mpango ule ukaacha nafasi kwa mfumo wa pamoja wa nchi hizo. Kwa kampuni ya Kinshasa hilo lilikuwa jambo la kuajiri mshauri. Kwa mwalimu wa bara, ambaye daftari lake la zamani ndilo lililokuwa kitabu cha darasa zima, lilimaanisha kwamba elimu aliyoipata ujanani imechakaa.

Kompyuta bila umeme

Somo la kompyuta liliongezwa juu ya msingi huo. Chaguo la biashara na kompyuta lilifunguliwa katika shule nyingi za miji, kisha za vijiji. Na marekebisho ya masomo ya sayansi yaliyofuata sheria ya elimu ya mwaka 2014 yaliweka teknolojia ya habari pamoja na fizikia katika darasa la 7 na la 8. Nia ilikuwa njema. Lakini mahali pasipo umeme, isipokuwa wa jua au wa jenereta, sehemu za kompyuta huchorwa ubaoni, nao wanafunzi huzikariri kama mito ya bara.

Kongo haikuwa peke yake katika kusitasita na chombo hiki. Tanzania mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na zuio hilo lilidumu miaka mingi. Kenya ilianza kutahini somo la kompyuta katika mtihani wa kidato cha nne mwaka 1998. Jambo lililotofautisha pwani na bara ni lugha. Wanaisimu wa Afrika Mashariki walibishana kwa muda mrefu juu ya jina la chombo chenyewe: wengine walitaka tarakilishi, wengine ngamizi, na umma ukaendelea kusema kompyuta. Huenda mabishano hayo yalionekana kama anasa, lakini yalizaa matunda. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili. Tangu hapo hapana awezaye kudai kuwa Kiswahili hakina maneno ya kuendesha kompyuta. Yapo, hayajafika katika darasa la Walikale.

Mzani wa madini

Tofauti hii si ya wanaisimu pekee. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea hadi Masisi. Vita vya mwaka 1996 na 1998 vikafuata. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopaa, wanafunzi na walimu wengi wa Kivu waliacha shule kwenda machimboni. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka. Mwaka 2002 madini ya bati yaligunduliwa Bisie. Mwezi wa Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji katika majimbo matatu ya mashariki, na miezi 6 ikapita kabla ya kuruhusiwa tena.

Mchimbaji mdogo mara nyingi huanza kazi kwa mkopo: mnunuzi humpa chakula na zana, naye hulipa kwa mawe, kwa bei ambayo mkopeshaji ana sauti kubwa katika kuipanga. Juu ya mzani hukatwa unyevu, uchafu, usafiri na ushuru. Msomaji ataona kuwa huu ni utaratibu ule ule wa Taria Topan na Tippu Tip, isipokuwa sasa mdeni ni kijana mwenye sururu. Maarifa anayoyahitaji hapo ni ya uwekaji hesabu: kuandika kila tendo pande mbili, alichopokea na alichotoa, na kujua deni limebaki kiasi gani. Huenda alifundishwa hayo. Lakini alifundishwa kwa maneno ambayo hawezi kuyatamka mbele ya mzani, kwa kuwa mabishano ya mzani hufanywa kwa Kiswahili. Mwenye hoja asiye na maneno hushindwa kama asiye na hoja.

Hitimisho

Tumeona kuwa somo la biashara katika Kongo lilirithi sura ya karani, na somo la kompyuta likairithi kutoka kwake. Hatupendekezi Kifaransa kifukuzwe; sheria za biashara zimeandikwa kwacho, na mtihani pia. Tunapendekeza jambo dogo zaidi: mwalimu anapofundisha akaunti ataje pia leja, urari, mizania na ankara, na achukue mifano yake katika gunia la mawe, mkungu wa ndizi na pesa zinazotumwa kwa simu. Kazi hiyo haingoji umeme.

Mwezi wa Machi 2025 vita vilifika Walikale mjini kwenyewe, baada ya kuichukua Goma mwezi wa Januari. Katika nyakati kama hizo shule hufungwa na madaftari hupotea. Alichokielewa mwanafunzi kwa lugha yake ataondoka nacho. Mali bila daftari, wasema wahenga, huisha bila habari. Na daftari lisilosomeka kwa mwenye mali halina tofauti na kutokuwapo.