Jina la Ujumbe

Msomaji, ukipita barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru wakati wa mavuno, utaona huko Timau mashamba ya ngano chini ya Mlima Kenya, na kombaini zikitambaa ndani yake. Mngurumo wa injini utausikia. Mazungumzo yapitayo ndani ya mashine hutayasikia, nayo ndiyo nitakayokusimulia.

Zamani kila kipimo cha mashine kilikuwa na waya wake. Vyombo vya umeme vilipozidi, nyaya zikawa mzigo. Mwaka 1983 mafundi wa kampuni ya Bosch, Ujerumani, walianza kutafuta namna ya kuviunganisha vyombo vyote kwa njia moja. Februari 1986 waliitangaza kazi yao mjini Detroit, Marekani. Njia hiyo huitwa CAN. Ilibuniwa kwa ajili ya magari, kisha ikaingia viwandani na mashambani.

Lakini wengi wakisemea njia moja, habari itatambulikaje? Barua hutanguliza jina la mpelekewa. Mafundi wale waliiacha desturi hiyo. Ujumbe wao hutanguliza nambari inayoitambulisha habari yenyewe. Hufuata habari, isiyozidi baiti 8, kisha tarakimu za kuhakiki kwamba hapana kilichoharibika njiani. Vyombo vyote husikia, na kila kimoja hushika kinachokihusu.

Nambari hiyo ina kazi ya pili, nami naiona ya ajabu zaidi. Huandikwa kwa tarakimu 0 na 1 tu, na katika waya 0 huishinda 1. Vyombo viwili vikianza kusema pamoja, kile kilichotuma 1 kikasikia 0 hunyamaza papo hapo na kungoja zamu. Mwenziwe huendelea, wala ujumbe wake haupotezi hata tarakimu moja. Basi nambari ndogo hutangulia kubwa.

Mwanzoni nambari ilikuwa ya tarakimu 11, zitoazo majina 2,048. Mwaka 1991 ikaongezwa nyingine ya tarakimu 29, nayo ndiyo itumiwayo na matrekta na kombaini kwa kanuni ziitwazo J1939 na ISO 11783. Tarakimu 3 za kwanza ni za cheo, 18 hueleza aina ya habari, na pengine mpelekewa (kumbe desturi ya barua haikufa kabisa!), 8 za mwisho humtaja msemaji. Mathalan, habari nambari 61444 huchukua mwendo wa injini, uliohesabiwa kwa sehemu za nane za mzunguko. Ukisoma 12,000, injini yazunguka mara 1,500 kwa dakika. Asiyeijua kanuni ataona 12,000 tu.

Hapo ndipo penye shida. Nambari 65280 hadi 65535 zimeachiwa watengenezaji, kila mmoja azitumie apendavyo, na maana yake aweza kuificha. Kombaini ikisimama Timau, na mawingu ya mvua yateremka mlimani, fundi wa hapo aweza kuunganisha kompyuta yake akaziona nambari hizo zikipita, tarakimu zote, bila kosa. Maana yake imo katika kitabu cha mtengenezaji, ng'ambo, nacho kimefungwa.