Chuo Kilichozaliwa Mtaa wa Lumumba

Ukitoka Buguruni ukaishika Barabara ya Uhuru kwenda mjini, utapita Ilala, utaipita Kariakoo, kisha utatokea Mnazi Mmoja, kwenye Mtaa wa Lumumba. Hapo ndipo kilipozaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwetu Buguruni, mtu akisikia "chuo kikuu" hutazama upande wa Ubungo, kule Mlimani. Historia yake lakini inaanzia huku bondeni, na huku ndiko nitakakoianzia.

Ilikuwa tarehe 25 Oktoba 1961, Uhuru ukiwa umebakiza wiki sita na siku chache. Jengo lilikuwa la TANU, chama kilichosimama kwa kadi walizonunua watu wa mitaa hii hii. Wanafunzi walikuwa 13, na kitivo kilikuwa kimoja tu, cha Sheria. Mkuu wa chuo alikuwa Cranford Pratt, Mkanada, na shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Walianza na sheria kwa sababu wanasheria Waafrika nchini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na Makerere haikuwa na kitivo hicho. Kwa hiyo vijana wa Kenya na Uganda nao walikuja kusoma sheria Dar es Salaam, hatua chache kutoka Kariakoo.

Mwaka 1963 chuo kikaungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata kikahamia Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 muungano ule ukavunjwa, kila nchi ikabaki na chake, na Mwalimu Nyerere akawa chansela wa kwanza wa chuo chetu.

Kuhamia huko Mlimani kulileta swali ambalo Mwalimu aliliona mapema: je, msomi aliyepanda kilimani atawakumbuka waliomlipia? Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Adhabu ilikuwa kali, lakini naamini ndiyo iliyokiamsha chuo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mlimani pakawa mahali ambapo Afrika nzima ilikuja kujadiliana. Walter Rodney, Mguyana, alifundisha historia hapo, na kitabu chake juu ya Ulaya kuidumaza Afrika kikatoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam kwa pamoja. Yoweri Museveni, akiwa mwanafunzi, aliongoza umoja wa vijana wanamapinduzi. Jarida lao, Cheche, lilianza 1969 na serikali ikalifunga 1970. Toleo maalumu la mwisho mwisho lilibeba maandishi ya kijana Issa Shivji juu ya matabaka ya Tanzania. Mwaka 2008, Shivji huyo huyo akawa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa, hapo hapo chuoni.

Maandishi hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Kiingereza. Kazi iliyotufikia sisi wa bondeni ilitoka kwenye vyumba vingine. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, baada ya kuhamahama Nairobi, Makerere na Mombasa, iliingizwa chuoni mwaka 1964, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Mwaka 1981 ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Tangu 1970 Idara ya Kiswahili inafundisha kwa Kiswahili chenyewe, na tangu 2009 idara hiyo na TUKI ni kitu kimoja, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile akiwa huko huko Mlimani. Na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ilipokuwa bado chini ya chuo, iliendesha mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza na kujadili, wakachimba vyoo. Mimi sijui kazi ya chuo iliyowafikia wananchi wengi kuliko hiyo.

Vitivo vingine vilikua, vikaondoka nyumbani. Kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, na udaktari ukawa Chuo Kikuu cha Muhimbili mwaka 2007. Wafadhili nao walikuja: Ujerumani Magharibi kwenye uhandisi, Uswidi kwenye utafiti, na Uchina kwenye maktaba kubwa iliyofunguliwa mwaka 2018.

Leo kijana wa Buguruni anapanda daladala ya Barabara ya Mandela hadi Ubungo, akipitia Mabibo yalipo mabweni. Atasubiri bumu, yaani fedha za mkopo, ataogopa sapu, yaani mtihani wa kurudia, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, atabebana na mwenzake kitandani akikosa chumba. Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani aliuona kwenye noti ya zamani ya shilingi 500 kabla hajauona kwa macho.

Linanikaa moyoni jambo moja. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama za mwanzo, ambako kesi zetu za madeni na mirathi husikilizwa, zilikuwa zikikitumia siku nyingi. Shule ya Sheria ya Mlimani, mrithi wa wale 13 wa Lumumba, bado inafundisha kwa Kiingereza. Kijana anasoma mkataba kwa lugha moja, kisha anakwenda kumtetea mama muuza samaki kwa lugha nyingine.

Walimu wetu wa sheria, kamusi mnayo, TATAKI iko jirani yenu, na Bunge limekwisha kuwafungulia mlango. Anzeni na somo moja, liwe la mirathi, mlifundishe kwa Kiswahili mwaka huu wa masomo.